Isale Bila Mjumbe

Tuwatendee haki kwanza: watu wa ukoo wa Marcelino hawakuwa wagomvi. Hakuna aliyewahi kusikia mmoja wao amempiga mkewe au amemrushia mtu chupa kilabuni. Silaha yao ilikuwa kununa, na kwa kununa walikuwa mabingwa. Ukimkosea mmoja wao hakutukani. Anakunyamazia, na kunyamaza kwenyewe si kwa jioni moja wala kwa wiki moja. Mzee Marcelino, huko Rombo, Kilimanjaro, alimnunia mwanawe Melkiori kwa sababu aliuza ndama bila kuuliza, na akaingia kaburini bila kumwitikia salamu. Melkiori akateremka Dar es Salaam, akafungua duka la sufuria Kariakoo, akaoa, akafanikiwa, na kule kununa akaja nako, kama watu wanavyohama na kitanda cha urithi ambacho hakuna anayekipenda na hakuna anayethubutu kukitupa.

Kosa la Isidori, mwanawe wa kwanza, lilikuwa dogo mpaka ukilisimulia unaona haya. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Foleni za sukari na sabuni zilikuwa zimeanza kusahaulika, na vitu vilivyokuwa vikitafutwa kwa kibali sasa vilikuwa vimetandazwa njiani mpaka unaviruka. Sufuria zilianza kuja kutoka Dubai, zinang'aa kuliko za kwetu, lakini ukizishika mkononi unahisi wepesi wake. Siku moja mteja wa jumla, Abbasi wa Kilwa, akauliza kama mzigo huu mpya ni mzito sawa na ule wa zamani.

"Ni zilezile," alijibu Melkiori.

Isidori alikuwa juu ya ngazi anashusha bidhaa. Mdomo ukamtangulia.

"Baba, hizi si zile. Hizi ukisongea ugali zinabonyea."

Abbasi akacheka, akashukuru, akaondoka mikono mitupu. Melkiori hakusema neno. Isidori akadhani amesamehewa. Masikini! Asubuhi iliyofuata alisema "Shikamoo, baba," na baba yake akamtazama Yogesh aliyekuwa akifungua duka lake la vitambaa upande wa pili wa barabara, akampungia mkono, akaendelea kupanga mifuniko.

Basi hivyo ndivyo duka lilivyoendeshwa tangu siku ile. Baba mezani mbele, mwana nyuma kwenye stoo na juu ya ngazi, na wateja ndio waliobeba maneno. "Mama, mwambie huyo kijana hapo juu akushushie sufuria namba kumi." "Bwana, mwambie mzee namba kumi zimekwisha." Wateja wageni walidhani mmoja wao ni kiziwi. Wateja wa kudumu walizoea, na wengine, Mungu awasamehe, walilifurahia jambo hilo na kulisimulia mpaka mtaa wa Gerezani. Yogesh, aliyezaliwa mtaa uleule na kucheza na Isidori mpira wa chandimu utotoni, alimwambia siku moja, "Wewe na mzee mngefungua redio. Mngekuwa redio ya kwanza isiyosema kitu."

Nyumbani kazi ya kubeba maneno ilikuwa ya Mama Agnesi. Melkiori na mkewe waliishi Ilala, karibu na soko la Mchikichini, na Isidori na familia yake walipanga nyumba ya jirani. Agnesi akawa posta kati ya nyumba mbili. Hata kanisani alikaa katikati. Padri alipowaambia waumini watakiane amani, Melkiori alimpa mkewe mkono wa kulia, Isidori akampa mama yake mkono wa kushoto, na ile amani ya Kristo ikaishia hapo kifuani kwa Agnesi, haikuvuka. Melkiori alikuwa msomaji wa masomo parokiani, sauti yake ikisifiwa. Isidori alikuwa katika kwaya ya Misa ya jioni. Walikuwa Wakristo wazuri wote wawili, kila mtu aliwaona hivyo, na huo ndio ulikuwa ugumu wenyewe.

Miezi ya mwanzo Isidori aliendelea kuamkia kila asubuhi. Shikamoo yake ilianguka sakafuni katikati ya masufuria na hakuna aliyeiokota. Mwisho akachoka, akaacha. Aliingia dukani kimya, akatoka kimya. Na kwa kuwa alikuwa na haki, maana sufuria zile kweli zilibonyea na ushahidi upo katika nyumba nyingi za Kariakoo, alijisemea kwamba wa kuanza ni mzee. Haki ile aliilinda kama mtu anavyolinda jino bovu. Krismasi ya kwanza ikapita, ikaja ya pili, na wote wakaenda Rombo, wakala nyama ya mbuzi mmoja wakipitishiana chumvi kwa mikono ya watu wengine.

Sasa, huyu Isidori alikuwa na binti wa miaka mitano, Caroline, mtoto wa maneno mengi. Jumatatu moja katika Kwaresima Caroline alipanda kiti kuchukua kikombe, akaiangusha chupa ya chai, ikavunjika, chai yote ikamwagika juu ya shati la kazi la baba yake. Isidori hakumpiga. Alimwambia mkewe, "Evarista, mwambie mwanao leo simtaki hapa mezani." Akabadili shati akaenda dukani. Jioni mtoto alipokuja kumpokea alimpita. Kesho yake vilevile. Hakuwa amepanga kuendelea. Kununa kulikuwa kunaendelea kwenyewe, kama gari bovu kwenye mteremko.

Siku ya tatu jioni alikuwa ameketi kwenye mkeka anakunywa maji. Caroline alikuwa mbele yake, karibu kiasi cha kumgusa, anapanga mifuniko mibovu ya sufuria aliyoletewa ya kuchezea. Bila kuinua macho mtoto akasema, kwa sauti tulivu kabisa ya mtu mzima:

"Mama, mwambie baba amekalia mfuniko wangu."

Evarista alikuwa jikoni. Aliacha kuchochea. Isidori akainuka, akautoa mfuniko, akautazama. Kilichomtisha si maneno. Ni ile sauti. Haikuwa na kilio wala hasira ndani yake. Ilikuwa sauti ya Melkiori akimwambia mteja namba kumi, imekaa katika koo la mtoto wa miaka mitano, na imekaa vizuri, kama iliyofika nyumbani kwake.

"Caroline," akaita.

Mtoto akamtazama mama yake mlangoni, kama anayeuliza, huyu anataka nini kwangu?

Isidori aliogopa. Tuseme hivyo bila kupambapamba: mwanamume wa miaka thelathini na mitatu, mwenye mabega ya kubebea masanduku, aliogopa mpaka mate yakakauka. Alimbeba mtoto, akamwomba radhi, na mtoto akakubali haraka kama watoto wanavyokubali. Lakini alijua kwamba kuna kitu kimekwisha ingia, na kwamba hakikuingia kwa siku tatu. Mtoto alikuwa amefundishwa kwa miezi mingi, kila Jumapili, kwenye benchi lilelile la kanisa.

Jumamosi akaenda kuungama.

Padri alikuwa mtu wa Sumbawanga, mpole, mwenye kikohozi. Isidori alipiga magoti akaeleza yote: babu Marcelino na ndama, baba na sufuria za Dubai, wateja, benchi, shikamoo zisizoitikiwa. Alieleza kwa mpangilio mzuri, maana alikuwa ameyasema moyoni mara nyingi. Alipomaliza, padri akakohoa.

"Umeungama dhambi za baba yako vizuri sana, mwanangu. Hujasahau hata moja. Sasa tuanze zako."

Isidori akajisogeza kwenye magoti.

"Unamwamkia?"

"Nilikuwa namwamkia, padri. Niliacha. Haitikii."

"Kwa hiyo na wewe umenuna."

"Mimi nilimjibu tu... Padri, hii ni laana. Iko kwenye ukoo wetu. Babu alikuwa hivyo, baba yuko hivyo. Nimekuja uniombee ikatike."

"Nitakuombea, na kwa moyo wangu wote. Lakini unajua kila Misa unasali nini? Unamwomba Mungu akusamehe kama wewe unavyosamehe. Je, unataka akusamehe hivyo? Akae na wewe duka moja, mwaka na nusu, akuagize kwa wateja?"

Isidori alitaka kucheka, badala yake machozi yakamtoka. Hakuwahi kuliwaza hilo: kwamba Mungu angeweza kununa, na hakununa. Kwamba kila alipopiga magoti, hata miezi ile aliyojaa uchungu kama shubiri, alisikilizwa yeye mwenyewe, bila kupitia kwa mtu.

"Kristo hakumtuma mtu aje atupatanishe na Baba," padri alisema taratibu. "Alikuja mwenyewe. Kitubio chako ni hicho: nenda kwa baba yako."

"Nilidhani utanipa Salamu Maria kumi."

"Hizo utazihitaji njiani."

Wachaga wana njia yao ya kuomba msamaha, na ni njia nzuri. Kuna mmea unaoitwa isale, wenye majani marefu ya kijani, unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya migomba ya ukoo. Ukimkosea mtu, unampelekea jani la isale. Akiliona hawezi kukataa kusamehe, hata kama alikuwa ameapa. Lakini jani halipelekwi na aliyekosa. Anatafutwa mtu mzima, mwenye heshima zake, alichukue, aliombee njia, azungumze, arudi na jibu. Ndivyo ilivyokuwa tangu mababu. Mtu anayefaa alikuwepo: mzee Vitalis wa Gerezani, mwenye karakana ya magari, ndugu wa ukoo. Isidori alikuwa amekwisha amua kumwendea Jumatatu asubuhi, akalala akiwa ameridhika. Alipoamka Jumatatu hiyo akakumbuka ule mfuniko, na Caroline akimtazama mama yake mlangoni. Atamfundisha nini mtoto yule kwa kumtuma mzee Vitalis?

Akaenda kwa mama yake. Uani kwa Agnesi, ndani ya sufuria kuukuu iliyotoboka, kulikuwa na mmea wa isale ambao Isidori alikuwa akiupita kila siku akiuona kama pambo tu. Agnesi alikuwa akiumwagilia tangu alipohamia mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona asubuhi yote hii? Duka?"

"Naomba jani moja."

Agnesi hakuuliza la nini. Aliweka kata chini, akajifuta mikono kwenye khanga polepole.

"Nani analipeleka? Vitalis?"

"Mimi."

"Isidori. Halipelekwi hivyo. Baba yako atasema umemdharau mara ya pili."

"Mama, wewe umebeba maneno yetu mwaka na nusu. Hujachoka?"

Mama yake akafungua mdomo kujibu jambo la kawaida, jambo la kina mama, kwamba hapana, hajachoka. Halikutoka. Akakaa kwenye kigoda akalia, kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu, na Isidori akasimama pale kama mti, hajui afanye nini na mikono yake. Halafu Agnesi akapenga kamasi, akainuka, akachagua jani yeye mwenyewe. Alichagua refu kuliko yote, lisilo na doa.

"Nenda," akasema. "Mimi leo nimefunga posta."

Akapita nalo Mchikichini katikati ya marobota ya mitumba, akavuka barabara, akaingia Kariakoo. Wengi hawakujali, mtu na jani lake, wewe inakuhusu nini. Lakini Kariakoo ile nusu ya wenye maduka ni watu wa Kilimanjaro, na mtu wa Kilimanjaro hahitaji kuelezwa. Muuza misumari alinyamaza katikati ya bei. Mama wa duka la glasi akajishika kidevu. Walijua mtu huyu amekosa, anakwenda kuomba radhi, na walishangaa kwamba anakwenda mwenyewe, mchana kweupe, bila mzee wa kumtangulia. Isidori aliona masikio yakimchemka. Alikuwa kwenye Salamu Maria ya ngapi, alisahau.

"Mambo, Isidori!" Yogesh aliita kutoka dukani kwake. "Maua ya nani hayo? Mke wangu Zalak ataanza kuuliza mbona mimi simletei!"

"Poa, Yogesh. Niombee."

Yogesh akamtazama usoni, utani ukamwisha. Akaweka chini mita yake ya kupimia vitambaa.

Dukani kulikuwa na mteja mmoja, mama lishe mnene wa pale Mnazi Mmoja, anazigonga sufuria moja moja kwa vidole kusikiliza mlio wake. Melkiori alikuwa mezani. Aliinua macho, akaliona jani kabla ya kumwona mwanawe. Rangi ikamtoka.

Isidori akapiga magoti pale kwenye sakafu ya saruji, akalinyoosha jani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba. Nimekukosea. Nilikusahihisha mbele ya mteja. Halafu nikaacha kukuamkia, na hilo ndilo kubwa zaidi. Naomba unisamehe."

 Mkono wa Melkiori ulikwenda kwenye ukingo wa meza ukashika. Kisha akageuza uso kwa mama lishe.

"Mama," akasema, sauti imekauka, "mwambie huyu kwamba isale haliletwi na mwenye kosa. Linaletwa na mtu mzima."

Mama lishe akamtazama mzee. Akamtazama kijana aliye chini. Alikuwa Mzaramo, isale halijui, na kuni zake zilikuwa zinaungua bure.

"Baba, si huyo hapo?" akasema. "Mwambie mwenyewe. Mimi nimefuata sufuria."

Nje, mtaa ulikuwa kama umepunguza sauti.  Isidori alimwona baba yake akihangaika kama mtu aliyesahau mlango uko wapi katika nyumba yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika muda wote ule akamwonea huruma. Hakuwa na haja tena ya kuwa na haki. 

"Haliletwi hivyo," Melkiori akasema tena. Safari hii alikuwa anamtazama mwanawe. "Nani alikufundisha kuleta hivyo?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza. Karipio! Isidori aliyapokea kama maji.

"Najua, baba. Nilitaka uone ni mimi."

Mzee akazunguka meza. Alitembea kama mtu wa miaka mingi kuliko aliyokuwa nayo. Akasimama mbele ya mwanawe.

"Mimi la kwangu nililipeleka sawasawa," akasema. "Nilimpa mjumbe, mtu wa heshima. Akasema wiki hii ana shughuli, atakwenda ijayo. Ijayo mvua zikanyesha. Alipofika kihambani alikuta tumeshamzika babu yako." Akaliangalia jani. "Nililipeleka vizuri, Isidori. Kwa desturi zote. Na hata leo sijui kama angenisamehe."

"Baba..."

"Ningekwenda mwenyewe! Kulikuwa na mwendo gani pale? Kutoka nyumba yangu mpaka yake, unarusha jiwe linafika. Nikaona aibu."

Akalichukua jani. Akalichukua kwa mikono yote miwili, akainama kwa shida akamshika mwanawe kiwiko, akamwinua.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Na zile za nyuma zote, marahaba."

Walikumbatiana vibaya, kama watu wasiojua kukumbatiana, na sufuria moja namba sita ikaanguka rafuni ikapiga kelele mpaka kwa Yogesh. Mama lishe aliiokota, akaitazama.

"Na hii imebonyea," akasema.

"Hizo za Dubai zinabonyea, mama," Melkiori alimjibu huku akijifuta macho kwa kiganja. "Huyu mwanangu alisema. Chukua zile za juu. Isidori, mshushie mama namba kumi."

Msidhani kuanzia hapo ilikuwa asali tupu. Tabia ya vizazi vitatu haiondoki kwa jani moja, na Melkiori alinuna tena kabla ya Pasaka, safari hii kwa sababu ya kufuli. Lakini jioni ileile Isidori alimfuata nyumbani kwake, akakaa mbele yake, akasema, "Baba, umenuna," na mzee, baada ya kuvuta pumzi ndefu, akasema ni kweli. Wakasali pamoja Baba Yetu, wawili tu. Walipofika pale pa kusameheana sauti iliyosifiwa parokia nzima ilikwama, ikabidi Isidori amsubiri.

Jumapili ya Pasaka Agnesi alikaa pembeni kabisa ya benchi, akawaacha wanaume wawili bega kwa bega. Baada ya Misa wote walikwenda kula kwake. Melkiori alikata nyama. Caroline alikuwa ameketi kati ya mama yake na bibi yake, anautazama mguu wa kuku uliokuwa kwenye sahani ya babu.

"Bibi," akasema kwa ile sauti yake tulivu, "mwambie babu nataka ule mguu."

Vijiko vikasimama. Evarista akainamisha kichwa. Isidori akamtazama baba yake, na baba yake alikuwa anamtazama yeye. Wote wawili walikuwa wameisikia sauti ni ya nani.

Agnesi akaendelea kula. Posta ilikuwa imefungwa.

Melkiori akaweka kisu chini. Akajivuta kwenye mkeka, magoti yakilia, mpaka uso wake ukalingana na wa mjukuu wake.

"Babu ana masikio," akasema. "Alikuwa ameyasahau tu. Niambie mwenyewe."

Caroline akamtazama baba yake. Isidori akatikisa kichwa kukubali.

"Babu," mtoto akasema, "nipe mguu."

Akampa mguu, na kipapatio juu yake.